Kasiksi Niliyoimwaga

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, ya mwaka ule wa uhuru. Hapa Kalundu kila muntu aliimba uhuru, nami, msichana wa kuanika ndagala, vile visamaki vya ziwani, mchangani, nilikuwa na hamu ya kujua: huo uhuru utafika mpaka jikoni kwa mama? Nilitaka kusomea ukunga. Papa alitaka niolewe Katogota, kwa mtoto wa mkulima rafiki yake.

Kwetu baba hamuulizi binti jambo hilo, humtuma shangazi. Shangazi yangu alikuja mara tatu. "Unamtaka huyu kijana?" Mara zote niligeuza ndagala zangu, kimya. Nilidhani kimya changu kinasema hapana. Kumbe kwa wazee kimya ni ndiyo!

Wageni wakaja na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nikaitwa nionje, kisha nimpe Papa, kuonyesha nimekubali, mambo yaishe. Nikaimwaga miguuni pa wazee. "Minye niko na uhuru wangu!" Lo! Papa aliinamisha kichwa. Aibu ile inaniuma hadi leo.

Shangazi alinishika sikio. "Weye! Nilibisha mara tatu hukufungua, leo unabomoa ukuta? Mficha uchi hazai."

Kesho yake akanipandisha kamio, lori la mizigo, hadi Katogota, mtungi mpya wa kasiksi mapajani, nikaombe msamaha. Baba wa kijana alinitazama weee, kisha akauliza, "Sasa weye unataka nini, binti?" Ndipo kwa mara ya kwanza nikalisema: ukunga. Akacheka. "Na hilo tu ndilo lilikushinda kusema?" Akaniombea msamaha kwa Papa, mimi mtoto mkaidi, akamsihi aniruhusu, nami nikasoma.

Miaka michache baadaye, uasi wa wenye silaha ulipofika kwetu, tulikimbilia milimani. Huko nikamkuta kijana niliyemkataa, mkewe kalala kwenye nyasi, uchungu umemshika. Mikono hii ndiyo iliyompokea mtoto wao. Papa alichemsha maji. Akanipa kitambaa chake nijifute jasho. Nililia kama mtoto.

Basi mwanangu, usikubali kwa woga, wala usikatae kwa matusi. Ukiulizwa, jibu, hata sauti ikitetemeka, maana wazee hawasikii usilolisema. Mungu akufungue mdomo mapema, na nyumbani kwako asikose mtu wa kukuuliza mara ya nne.