Sukari ya Annis Holgate

Annis Holgate hakuwa mtu wa matusi, lakini kuna juma moja ambalo nusu ya mtaa wake kule Burnley, Uingereza, ilimwita mtukanaji. Habari hii nilisimuliwa na yeye mwenyewe na rafiki yake Peggy, vipande vipande, miaka ile nilipopanga chumba cha juu nyumbani kwa Annis.

Baba yake, mzee Enoch, alikuwa mfumaji siku za kazi na mhubiri Jumapili. Nyumbani kwake tusi halikuingia, wala tafsida ya tusi. Watu wa kule wanazo nyingi: mtu akitaka kuapa kwa jina la Mungu hulipinda mpaka lisitambulike, aape na dhambi asipate. Enoch hakudanganyika. Siku moja Annis, bado mtoto, alirudi kutoka kucheza akasema "blaimi" kwa mshangao tu, kama wenzake. Baba akamweleza kwamba neno hilo ni "Mungu anipofushe" lililobanwa likawa dogo. Kisha mama akaleta sabuni, Annis akasuguliwa ulimi.

Alipokuwa msichana aliingia kazini katika kiwanda cha kufuma pamba. Mitambo ya kufumia ilinguruma hivi kwamba hata ukipiga yowe sikioni mwa mtu hasikii. Kwa hiyo wafumaji walisemeshana kwa midomo tu, wakiipanua na kuikunja. Walisengenyana, wakachumbiana, wakagombana, yote bila sauti. Peggy Thornber, wa mtambo wa jirani, ndiye aliyekuwa bingwa wa matusi humo. Uzi ukikatika aliutukana uzi, na aliyeusokota, na kondoo ambaye hata hahusiki na pamba.

Annis naye alihitaji neno la kutulia nalo, maana nyuzi zake pia zilikatika. Akachagua sukari. Kwa Kiingereza, sukari na lile neno la kinyesi huanza kwa sauti moja; mdomo unaelekea chooni, halafu unageukia kabatini. Wanawake wengi wa heshima walilitumia.

Asubuhi moja ule mti wenye ncha unaopeleka uzi huku na huku ulichomoka mtamboni ukampiga kiwiko. Annis akauma meno, akasema neno lake. Mbele yake alikuwa amesimama Clegg, mnyapara, ambaye alikuwa ametoka kumwambia aongeze kasi. Clegg akaisoma midomo, akaona ametukanwa usoni.

Alimwambia mkewe, na mkewe ndiye aliyesimamia shule ya Jumapili ambako Annis alifundisha watoto wadogo. Kufika Jumatano Annis akaambiwa apumzike kufundisha mpaka wazee wa kanisa wakae.

Jioni ile baba yake alimkalisha jikoni.

"Ulisema nini, binti?"

"Nilisema sukari, baba."

"Na moyoni?"

Annis aliniambia hapo angeweza kudanganya, ila hakujua kuanza. "Moyoni nilisema lile lenyewe," akajibu.

Enoch alinyamaza mpaka chai yake ikapoa. Hakumgombeza wala hakumtetea, akaenda kulala. Annis aliniambia ukimya ule ulimuuma kuliko kiwiko.

Kiwandani Peggy aliziona habari midomoni mwa watu kabla Annis hajamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi natukana tangu kuku hajaamka, hakuna aliyewahi kunipeleka popote," akasema. "Wewe unataja kitu cha kutia kwenye chai, wanakunyang'anya watoto?"

Jumapili, baada ya ibada, wazee walikaa, na Clegg na mkewe wakaitwa. Peggy, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu abatizwe, akaingia na kofia ya kuazima. Akaomba ruhusa aseme, na kabla hajapewa alikuwa ameshasimama mbele.

"Wote hapa wafumaji, mnasoma midomo," akasema. "Bwana Clegg, nitasema maneno bila sauti, nimeuma meno kama mtu aliyeumia. Wewe taja lipi ni sukari na lipi si sukari."

Akaanza. Clegg akasema, "Hilo ndilo chafu."

"Hiyo ilikuwa sukari, mpenzi. Haya tena."

Safari hii Clegg alisita, akasema sukari, na Peggy akatikisa kichwa. Wazee wakaanza kubishana wao kwa wao, huyu akishikilia lile la kwanza, yule la pili, mpaka bibi mmoja wa nyuma akaomba Peggy arudie maana miwani ilikuwa imemteleza. Peggy akarudia. Mke wa Clegg ndiye aliyetambua kwanza kwamba tusi lenyewe lilikuwa linatamkwa mbele ya mimbari, na kanisa zima limekaza macho kulitazama.

"Mtoeni huyu," akasema.

Hapo ndipo Enoch alipocheka. Annis hakuwa amewahi kumsikia akicheka ndani ya kanisa. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, kisha akasimama.

"Binti yangu aliniambia ukweli uliokuwa midomoni na uliokuwa moyoni," akasema. "Mimi nimefuma miaka yote hii, na nyuzi zikinikatikia, hakuna aliyewahi kuniuliza nasema nini moyoni. Mrudishieni watoto wake."

Wakamrudishia. Clegg hakuomba radhi, ila aliurekebisha mtambo ule mwenyewe, na hakumhimiza tena kasi. Peggy alialikwa chai nyumbani kwa Enoch alasiri ile, na akawa mgeni wa kila Jumapili, ingawa kanisani hakurudi.

Nilipofika mimi, viwanda vilikuwa vimefungwa na Annis alikuwa mjane. Wajukuu wake walisema lile neno lenyewe mezani bila kupepesa jicho. Niliwahi kumuuliza kama linamkera.

"Halinikeri, kipenzi," akasema, akimkatia mjukuu kipande cha keki. "Ila wanalisema wakiwa hawajaumia hata kidogo. Sasa siku wakiumia, watasema nini?"