Sakafu ya Sima

Kilichonifanya niipende ile nyumba ni sakafu yake. Nilizaliwa katika nyumba ya udongo, nikaolewa katika chumba cha kupanga chenye udongo chini, na kila Jumamosi nilipiga magoti kuisiriba sakafu upya kwa mavi ya ng'ombe. Sasa nilisimama mlangoni mwa nyumba ya watu, huku Kadutu, mwezi wa saba, na mbele yangu kulikuwa na sima, saruji laini ya kijivu, mpaka ukuta wa nyuma. Ilikuwa bado inanuka upya. Sikujiuliza kwa nini mtu anayehama ajisumbue kutengeneza sakafu ambayo hataikanyaga.

Wazungu walikuwa bado wanatawala. Wao walikaa chini, Ibanda, kando ya ziwa, sisi tulikaa juu mlimani, nyumba juu ya nyumba. Mume wangu alikuwa shofere wa kamio, lori la mizigo, akibeba mchele kutoka Luberizi. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana ambaye ndiyo kwanza anatembea, na tulichoka kupanga. Mwenye chumba chetu alikuwa akiingia bila kubisha, akihesabu vichwa.

Aliyetupeleka kwenye ile nyumba alikuwa komisionere, mtu wa kuwakutanisha wanaouza na wanaonunua, halafu anapata chake kwa muuzaji. Hakuwa na biro, ofisi ya kupokelea watu. Biro yake ilikuwa mdomo wake. Lakini kwetu hakuwa komisionere tu. Alitoka kilima kimoja na mume wangu, na ndiye aliyemshika binti yetu siku ya ubatizo. Alivaa koti hata kwenye joto, na kila neno lake lilikuja na mkono begani mwako.

"Maman," aliniambia, "ukuta wa tofali, manjanja mupya juu, sima chini. Watu ya Kadutu watakuonea wivu."

Aliyekuwa anauza alikuwa mshonaji, mtu mzima wa upande wa Mwenga. Macho yalikuwa yamemchoka, alitaka kurudi kwao. Mke wake alitupitisha chumba kwa chumba bila maneno mengi. Tulipofika nyuma akasimama, akamtazama komisionere, kisha akanigeukia mimi.

"Maman, huyu papa alishawaelezea yote?"

Komisionere alijibu kabla sijafungua kinywa. "Yote, maman. Yote kabisa."

Alikuwa ametuambia njiani kwamba choo tungekitumia pamoja na jirani. Nilidhani ndicho anachouliza yule mama. Nami nikasema ndiyo, tumeelezewa, haina shida. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akafurahi. "Basi muko watu ya roho," akasema. Niliona ni sifa ya ajabu kwa ajili ya choo.

Tulihamia kabla ya mvua. Kwa wiki chache nilikuwa malkia. Nilipiga deki asubuhi, nikapiga deki jioni, bila sababu. Majirani wakija nilifungua mlango wote ili waone.

Mvua zilipoanza kukaza, asubuhi moja niliteremsha miguu kitandani nikakanyaga maji. Nilidhani paa linavuja. Nikatazama juu: manjanja, yale mabati mapya, yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yanatoka chini. Sima ilikuwa imevimba katikati ya chumba kama tumbo, imepasuka, na katika ule mpasuko maji yalipanda taratibu, safi kabisa, baridi, kama ya kunywa. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya chemchemi. Wakati wa jua ililala. Mvua ikija iliamka.

Nilikimbilia kwa jirani, yule wa choo. Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua hata kichwa.

"Ni kila mwaka," akasema.

"Na ulituona tunaingiza vitanda, ukanyamaza?"

"Muliniuliza?"

Mume wangu aliporudi kutoka safari alisimama katika maji na viatu vyake, akatukana. Alimtukana mshonaji, mama ya mshonaji, na watu wote wa Mwenga. Komisionere alikuja siku iyo hiyo. Alikaa kwenye kiti akaweka miguu juu ya kipande cha tofali ili asilowane, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hawa watu," akasema. "Wanakuonyesha meno, kumbe."

"Nitaenda kushitaki kwa Mzungu wa biro," mume wangu alisema.

"Ndugu yangu, fikiri. Mzungu akikuja akaona maji ndani ya nyumba, atamukamata mushonaji? Atasema nyumba ni mubaya kwa afya, atavunja. Utalala wapi?"

Lilikuwa neno la kweli, na mume wangu alilijua. Hakwenda kushitaki. Mimi nilimchemshia komisionere chai. Alikuwa mgeni, na alikuwa ametuhurumia.

Mvua zile binti yangu alianza kukohoa. Tuliinua kitanda juu ya matofali, tukaweka mbao za kupitia, lakini nguo hazikukauka, godoro halikukauka, ukuta uliota ukungu hadi urefu wa kiuno. Nilimbeba mgongoni kwenda hospitali mara nyingi, hata masista wakatuzoea. Walimpa dawa, wakaniambia nimweke mahali pakavu. Nikasema asante.

Karibu na Pasaka nilikutana na mke wa mshonaji sokoni. Walikuwa hawajaondoka bado. Walikuwa wamepanga chumba, mume wake akimalizia nguo za watu. Nilitaka kumpita kama jiwe. Yeye ndiye aliyenishika mkono, akacheka kwa upole.

"Maman, maji ilipanda sana mwaka huu?"

Nilimwuliza ana moyo gani. Nilimwambia hayo mbele ya wauza mboga, kwa sauti. Nilimwambia mtoto wangu anakohoa. Uso wake ulibadilika pole pole.

"Lakini mulijua," akasema. "Mume wangu alimuelezea papa wenu kila kitu. Alimuonyesha mahali maji inatokea. Tulitaka tuwaambie sisi wenyewe, akakataa, akasema ninyi ni watu yake, atawaambia kwa njia muzuri. Ndiyo maana tulishusha bei."

"Na ile sima?"

"Ni yeye alileta fundi. Alisema nyumba ya kuuzisha inapashwa kuwa safi." Akaushika tena mkono wangu. "Siku ile nilikuuliza, maman. Ulinijibu ndiyo."

 Alininunulia machungwa kwa ajili ya mtoto, nami nikayachukua.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kwa komisionere, mimi na mume wangu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia uongo. Nilitaka aape, ili nimwambie niliyoyasikia. Hakuapa. Alitukaribisha, mke wake akaleta kasiksi, pombe ya ndizi, akatumiminia.

"Ndiyo, aliniambia," akasema.

"Na wewe hukutuambia," nikasema.

"Ningewaambia, mungenunua?"

"Hapana."

"Basi." Alifungua mikono kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu. "Mungekuwa bado munapanga. Leo muna nyumba. Mimi niliwatakia mema."

Nilimgeukia mume wangu. Nilingoja. Huyu mwanamume aliyewatukana watu wa Mwenga mpaka wafu wao alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Mbele yake alikuwa mtu wa kilima kimoja, baba wa ubatizo. Njiani kurudi aliniambia tu kwamba mambo yaliyopita yamepita.

Hayakuwa yamepita. Jua lilipokausha udongo, komisionere alirudi na mpango: tuiuze, kabla ya mvua nyingine. Mume wangu alichanganya sima mwenyewe, akiwa kifua wazi, akiimba. Sijawahi kumwona akifanya kazi vizuri vile. Alilainisha mahali pa ule mpasuko mpaka hakukuwa na alama.

Wakaja mume na mke, vijana, wa Luvungi. Mwanamke alikuwa na mimba kubwa. Aliingia, akatazama chini, na nikaona uso wake ukilainika.

"Ni safi," akamwambia mume wake kwa sauti ndogo.

Komisionere alikuwa ameweka mkono begani mwa yule kijana. Nikasema, "Mudogo wangu, chini ya hii sima kuko maji. Mvua ikija inapanda mpaka kitandani. Mutoto wangu anakohoa sababu ya hiyo."

Komisionere alicheka. "Maman huyu hataki kuhama, iko na huzuni."

 Yule kijana alimgeukia mume wangu kwa heshima. "Papa, ni kweli?"

Mume wangu alitazama sakafu aliyoitengeneza. "Ni maji kidogo tu," akasema.

Waliondoka. Mwanamke hakuniaga. Baadaye nilisikia wamenunua nyumba nyingine, karibu na bonde, kwa mkono wa komisionere yule yule, na ukuta wake wa nyuma ulikwenda na mvua ya kwanza. Sikujua kama kuna aliyewaambia chochote kuhusu lile bonde.

Mume wangu hakunipiga. Alianza kulala Luvungi, kwenye njia yake ya mchele, hata siku ambazo kamio ilikuwa nzima. Mtaani komisionere alieneza kwamba nina ulimi mbaya, na nyumba yetu haikuletewa mnunuzi tena. Mwishowe niliita fundi, tukavunja sima katikati, tukachimba mfereji unaotoka chumbani, kupita chini ya mlango, mpaka nje. Tuliishi hivyo miaka, tukiruka maji kwenda kitandani. Kifua cha binti yangu hakikupona sawasawa; mpaka leo akipanda mlima anasimama katikati.

Siku ya komunyo yake ya kwanza, komisionere alikuja na koti lake. Alimletea rozari nyeupe. Mume wangu alimkalisha kiti cha mbele, naye akamwita binti yangu mtoto wake, mbele ya wageni wote. Mimi nilileta ugali na samaki, nikampakulia wa kwanza, kama ilivyotakiwa kwa baba wa ubatizo. Alionja, akanisifu kwamba chumvi imekolea sawasawa.