Mlango Bado Unafunga?

Wenzake wa chumbani kule Najma humtania Githinji kwamba ndiye mwana pekee Qatar nzima anayempigia mama yake simu ili kuulizia mlango. Mbuzi haulizii, mahindi vilevile. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya ulinzi, humsalimia kwa video haraka haraka kisha huuliza, "Mlango wa mbele unafunga vizuri?"

"Unafunga," mama hujibu kutoka kwenye kochi. "Na mimi pia ni mzima, kama ulitaka kujua."

Wenzake hucheka. Yeye hacheki, kwa maana nyumba yenye mlango huo, aliyoijenga kwa miaka minne ya kulinda jengo la watu mtaani Dafna, Doha, imesimama juu ya ufa.

Kwao ni bondeni, upande wa Suswa, ambako ardhi haina adabu. Mwaka ule wa mvua kubwa ilipasuka, ikakata barabara na mashamba. Wataalamu walikuja wakabishana: wengine wakasema ni mvua imechimba, wengine wakasema ni Bonde la Ufa lenyewe linaachana. Wenyeji walijaza mawe na udongo, wakapanda mahindi juu yake. Githinji wakati huo alikuwa tayari Doha. Miaka miwili baadaye, fundi Gerishon alipokuwa akichimba msingi, alimpigia simu.

"Githinji, sururu imezama. Chini ni shimo tupu, na kunatoka hewa ya moto."

Mtu mwenye akili angesimamisha kazi. Lakini kiwanja kilikuwa hicho kimoja, na Githinji alikuwa ameshatangaza hadi kanisani kwamba mama yake atakula Krismasi ndani ya nyumba ya mawe. "Jaza mawe, mwaga zege," alisema. "Na Mama asijue." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba ufa na akajenga ukuta, mahali pamoja.

Tangu siku hiyo hana raha. Ardhi ikisogea, fremu itapinda. Fremu ikipinda, mlango utagoma. Ndiyo sababu huuliza. Akifumba macho huiona sururu ile ikishuka gizani, na haifiki chini.

Alasiri moja jengo la Dafna liliyumba. Tetemeko lenyewe lilikuwa ng'ambo ya Ghuba, Iran, lakini taa za ghorofa za juu zilicheza, na watu wakateremka ngazi wamekumbatia kompyuta. Githinji aliwapanga kwenye maegesho kama alivyofundishwa, kwa sauti imara. Alipomaliza, aliketi ukingoni mwa barabara. Wageni mia tatu alikuwa amewatoa nje, na mama yake alikuwa ndani. Akapiga simu.

"Mama, mlango unafunga?"

"Siku hizi hata siusukumi. Ukiuachilia, unajifunga wenyewe."

Akajua nyumba imeinama. Aibu ya miaka yote ikamtoka kwa mkupuo. "Mama, toka humo sasa hivi. Usilale humo tena. Hiyo nyumba iko juu ya ule ufa."

Kuku walisikika nyuma ya mama.

"Githinji, mimi silali humo," alisema. "Sijawahi. Nalala kwa ile jikoni ya mabati. Asubuhi ukikaribia kupiga ndio naingia nakaa kwa kochi, ndio uone ukuta wako nyuma yangu. Nilimwona Gerishon akijaza mawe siku tatu. Nikamwapisha asikuambie. Nilisema, kijana wangu amesimama kwa jua la watu akanijengea, na hakujua. Akisikia atavunjika moyo."

Githinji alilia hadharani, mbele ya wageni, wala hakujali. Mama yake alikuwa salama siku zote. Kwa dakika nzima hapakuwa na mtu mwepesi kuliko yeye katika Doha.

"Lakini wewe," mama aliuliza polepole, "ni nani alikuambia?"

Watu walikuwa wakirudi ndani, na mkubwa wake wa kazi alikuwa akimpungia mkono. Angeweza kusema ni Gerishon, jana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva, na fundi aliyeweza kutunza siri mbili miaka yote hiyo asingeshindwa na ya tatu.

"Nilijua tangu msingi, Mama."

Mama hakukata simu.

"Na ukaniambia nihamie," alisema.