Feni Iliyopuliza Mkaa wa Matanga

Wasomaji wangu, yule mama aliyekuwa akirekodi kwaya zetu hapa Kalemie ametutoka. Karibu kila wimbo wa kanisa mlio nao kwenye simu zenu ulipitia chumbani kwake. Homa ilimchukua kwa siku chache tu, tukamzika, na leo nilitaka kumwandikia maneno ya upole. Nimeshindwa. Nina hasira, na afadhali niseme kwa nini.

Mashine aliyorekodia, kompyuta, aliiunda mwenyewe, ya kwanza maishani mwake, kwa vipande vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma. Mimi nilikuwa jirani, na nikipita nilimkuta ameketi sakafuni na feni zake tatu: moja ya kukaa juu ya prosesa, moja ya kuvuta hewa mbele, moja ya kuitoa nyuma. Ile ya mbele na ile ya nyuma mwanzoni aliziunga moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme cha mashine. Zikazunguka kwa nguvu zote bila kupumzika, na katika rekodi ya kwanza ya akina mama wa parokia mvumo wake ukasikika kama mvua juu ya mabati. Waimbaji walimcheka. Yeye akafungua tena, akahamishia nyaya kwenye bodi kuu, kisha akaingia katika mipangilio na kuziamuru zifuate joto: mashine ikipoa zizunguke polepole, ikichemka ziongeze mbio. Alishika uzi mbele ya kila feni aone upepo unaelekea wapi. Tangu hapo kwaya ikawa inaimba wimbo mmoja, inanyamaza, inangoja mashine ipoe. Mwimbaji mmoja alichoka kungoja, akamuuliza kwa nini asizing'oe tu, kelele iishe.

“Hapana, Mama,” alimjibu. “Ile haiko kelele. Ile njo pumzi ya mashine.”

Siku ya matanga mama yake mzazi alifika kwa boti kutoka Moba, maziko yamekwisha. Aliomba kitu kimoja tu, asikie sauti ya mwanawe. Sauti hiyo haikuwa kwenye simu ya mtu yeyote, maana nyimbo alizoimba peke yake alizifungia katika mashine akisema bado hazijaiva. Nikaenda chumbani. Mashine ilikuwa wazi ubavuni, feni zote hazipo. Shemeji yake, mdogo wa mume wake aliyetangulia zamani, alikuwa amezing'oa asubuhi ile. Mbili alishazipeleka kwake, mbali na hapo. Ya tatu nilimkuta nayo uani, ameiunga kwenye betri ya sola, inapuliza mkaa chini ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Nikamwomba airudishe.

“Papa, wageni wakule kwanza,” alisema bila kuinua macho. “Ile mashine haina tena mwenyewe. Vantilatere zisikae bure.”

Aliponipa, nilikuta amekata kichwa cha waya ili aufunge kwenye betri, na feni haikuwa na namna ya kuingia tena kwenye bodi. Tukaiwasha mashine hivyo hivyo. Nikapiga magoti nikiipepea kwa kipande cha katoni, na sauti ikatoka, safi, bila mvumo hata kidogo. Mama mtu akasogeza sikio. Ubeti wa pili ulipoanza mashine ikazimika kwa joto. Nikaiwasha tena, ikazimika hata kabla ya kufika hapo.

“Mumuache sasa, Papa,” mama huyo alisema. “Amechoka.”

Fundi wa kuitoa diski yenye nyimbo zake aliahidi kuja, lakini boti ya Moba haikumngoja.

Katika mji huu mtu akifa, vitu vyake hutangulia jeneza mlangoni. Nimeona cherehani ikibebwa huku kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Nimeona nyavu zikigawanywa vipande mpaka hakuna aliyebaki na wavu. Tunaita hiyo haki ya ukoo, na wenye aibu kidogo huita mila. Mimi naona ni uvivu wa kuuliza. Miaka ya kazi ya mtu tunaitazama na kuona vyuma tu.

Basi somo langu ni dogo, nalo limechelewa: ukiingia nyumba ya marehemu na mikono ikikuwasha, uliza kwanza kile kitu kilikuwa kinafanya kazi gani, na nani bado anakihitaji. Yule mama mzazi alirudi Moba na ubeti mmoja wa mwanawe. Sisi wengine tulikula, tukashiba.