Ua Alioupanda Shangazi

Matunda ya michongoma yakiiva hunuka kama togwa iliyoanza kuchacha, na harufu hiyo siipendi mpaka leo. Shangazi Damari, dada yake baba, alikuwa mjane, na shamba lake huko kwetu Mikumi lilipakana na letu bila hata jiwe la mpaka. Nilipokuwa na miaka minane, baba alimshauri apande ua wa miiba kuzuia ng'ombe wa wafugaji. Baba mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mahali: hatua thelathini ndani ya shamba la shangazi, mbali na barabara kuu. "Waachie njia, dada. Ukiwabana watavunja." Mimi na shangazi tulikula matunda yale machachu mpaka ndimi zikafa ganzi, tukatemea mbegu kwenye sufuria, tukazisia mvua ya kwanza ilipokata vumbi. Miche alikuwa akiikata vichwa bila huruma, kwa sababu mchongoma usipokatwa mapema huwa mtupu chini na mbuzi hupita. Nilipofika miaka kumi na mmoja, hata kuku hakupenya.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, malori yamezidi, na kila mwenye uwezo alitafuta kiwanja cha gesti kando ya lami. Baba akamuuzia mtu ile sehemu ya mbele ya ua, akidai ni yake. Shangazi alimlalamikia mwenyekiti wa kijiji, na kikao kikafanyika pale pale kwenye miiba. Asubuhi hiyo baba alinivika viatu vya mitumba, vya kwanza maishani mwangu, akaniambia niseme kweli tupu.

"Nani alipanda ua huu?" mwenyekiti aliniuliza, baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Shangazi. Mimi nilimsaidia."

"Basi mtu hupanda ua mpakani kwake," akasema, akampa baba haki, akafunga daftari.

Hakuna aliyeuliza nani alionyesha mahali. Nilijua, lakini nikawa natazama viatu vyangu. Nilivipenda sana. Shangazi alisema tu, "Mtoto hajadanganya," akaondoka.

Gesti iliyojengwa pale bado ipo, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye bei ya kiwanja hicho. Leo mimi ni mwalimu, nina nyumba na ukuta wa matofali, na wanafunzi wangu nawachapa wakidanganya. Juzi nilimfuata shangazi huko Berega, anakoishi kwa mwanawe, nimembebea sukari na khanga. Nilimwamkia nimepiga magoti.

"Marahaba," akaitikia, kisha akaangalia miguu yangu. "Bado unavaa viatu vizuri."