Nyimbo Mbili, Fomu Moja

Fomu ilikuwa na kurasa tisa, na nilizielewa nane. Ukurasa wa saba ndio ulionitoa jasho. Ulitaka tuambatanishe maneno kamili ya nyimbo zitakazoimbwa, pamoja na maana yake kwa Kiswahili, kisha viongozi wa vikundi vyote watie saini kuthibitisha kwamba wamesoma kila kitu kilichomo.

Aliyeandika ukurasa ule hajawahi kusimama kwenye ngoma ya mashindano ya kwetu. Huku vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Waamuzi ni watu, na wanaamua kwa miguu. Anayekuvutia ndiye unayemwendea, na jua likiinama, mwenye watu wengi ameshinda. Silaha ya kikundi ni wimbo mpya wa ningi wake, yaani yule anayetunga na kuongoza kuimba. Wimbo huo unafichwa. Hata wachezaji wake wanafundishwa kibwagizo tu. Ukivuja, mpinzani anakuja na jibu tayari mdomoni, na ningi aliyejibiwa kabla hajaimba anachekwa mpaka msimu mwingine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi. Baba yangu alikuwa ningi. Alipofariki, na mama akamfuata mwaka uliofuata, niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu wawili na cherehani ya mama. Baba mdogo, anayelima Shishiyu, alirithi ngoma za baba na nafasi yake ya ningi. Kila baada ya mavuno alituletea gunia la mahindi, analiegemeza mlangoni, anaondoka kabla hatujamaliza kumshukuru.

Tangu baba afe, kikundi chetu na wapinzani wetu wa Lalago hawakuwahi kukutana uwanjani. Kila mwaka kilikosekana kitu: mara gari la kuwaleta wachezaji, mara vipaza sauti. Baba mdogo alikuwa ameanza kuumwa magoti. Siku moja alipokuja kujaribu vazi nililomshonea, alisema, "Mwaka huu nisipokutana na ningi wa Lalago, ngoma hizi nitazigawa." Namjua, hasemi kitu mara mbili. Ndiyo maana niliposikia redioni kwamba kuna shirika linatoa ruzuku ndogo kwa sanaa za vijijini, nilikwenda kuchukua fomu.

Nilimpigia simu afisa wa mradi kuhusu ukurasa wa saba.

"Dada, bila kiambatisho maombi hayafiki kwenye kamati," alisema. "Na mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Mtandao unajifunga wenyewe."

"Kama wimbo ni siri je?"

"Siri gani tena, na utaimbwa hadharani?"

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano nilikuwa Shishiyu. Nilimkuta baba mdogo shambani, bomba la dawa mgongoni, pamba imeanza kutoa maua. Nilimweleza. Alivua bomba, akaliweka chini taratibu, akaangalia shamba la jirani. Jirani ana shemeji Lalago.

"Sogea huku, mayu," aliniambia, yaani mama, ndivyo anavyoniita. "Zaidi. Hapo."

Akaniimbia kwa sauti ya chini kabisa, ubeti baada ya ubeti, mimi naandika nimeegemeza daftari kwenye goti. Katika ubeti wa mwisho alimtaja baba. Kalamu ilisimama kidogo, naye akanisubiri.

Tulipofika kwenye saini, akasoma maneno yale mara mbili. "Imeandikwa nimesoma wimbo wa yule. Nimeusomea wapi?"

"Ni utaratibu wao, baba."

"Andika hapo pembeni kwamba sijausoma."

"Watatukataa."

"Basi watukatae wakijua ukweli."

Niliandika pembeni: kila kiongozi amesoma wimbo wake tu. Akatia saini chini yake.

Alhamisi nilifika Lalago. Ningi wa kule ana bucha, mtu mwenye kifua kipana na mdomo mkubwa kuliko kifua. Aliponiona alipiga kisu kwenye gogo.

"Mtoto wa ningi! Baba yako mdogo amekutuma kuomba nikubali kushindwa?"

"Nimekuja kuchukua wimbo wako."

Alicheka mpaka mteja aliyekuwa akipimiwa utumbo akacheka naye bila kujua sababu. Nilipomaliza kumweleza hakuwa akicheka tena. Alimhudumia mteja, akafunga nusu ya mlango, tukakaa nyuma ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia.

"Ukimwimbia hata kibwagizo, nitajua," alisema. "Ataacha kulala, na mtu asiyelala anaonekana machoni."

"Sitamwimbia."

Akaanza. Beti mbili za kwanza zilikuwa za kawaida, majigambo na ng'ombe wake. Wa tatu ulisema fahali amekufa, zizi limeachiwa ndama, na ndama akilia anadhani ananguruma.

Niliandika. Fahali alikuwa baba yangu, na ndama ni baba mdogo.

"Mbona unaandika polepole?" akauliza.

"Kalamu haitoi wino vizuri."

"Ngoma ni ngoma, mtoto wa ningi. Baba yako aliniimbia mabaya kuliko haya. Na ng'ombe wa msiba wake nilimchinja mimi, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Akatia saini yake bila kuuliza lolote.

Nikiwa njiani kurudi, baba mdogo alipiga simu. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kaimba nini?"

Basi lilikuwa na kelele na ningeweza kujifanya sisikii. "Baba, hilo usiniulize."

"Sawa," akasema. Akakata simu.

Ijumaa saa saba mchana nilikuwa kwenye steshenari karibu na stendi, karatasi ya wimbo mmoja kwenye mkoba, ya mwingine ndani ya kitenge. Binti anayechapa pale ni mwepesi wa vidole, lakini ana kawaida ya kuimba anachokichapa. Nilijua pia kwamba kaka yake anacheza upande wa Lalago. Hilo nilikuwa nalijua hata kabla ya Jumanne, na siku zote tatu sikuwahi kufikiria lina maana gani. Nilikimbizana na saini, nikasahau kwamba karatasi lazima ipite mikononi mwa mtu. Na steshenari nyingine mbili za jirani zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamekwenda msibani.

"Lete nichape, dada."

"Nitachapa mwenyewe."

"Unajua?"

"Nitajua."

"Haya," alisema, akanipisha kiti. "Jumatatu nitakuletea chai."

Nilichapa kwa kidole kimoja. Herufi zilikuwa zimetawanyika bila mpangilio ninaoujua. Maneno ya Kisukuma yote yalipigiwa mstari mwekundu, kana kwamba kompyuta nzima inanisahihisha, na kile kialama cha juu kwenye ng' nilikitafuta robo saa nzima. Binti akisogea, naficha karatasi chini ya mkono. Saa nane na nusu umeme ukakatika. Uliporudi, nusu ya ubeti wa tatu haikuwepo. Ikabidi niandike tena habari za ndama, neno kwa neno, kwa mkono wangu.

Saa tisa na dakika arobaini wimbo wa Lalago ulikuwa umekamilika. Wa baba mdogo ulikuwa umebaki wote.

"Dada, mtandao nao ni mzito leo," binti alisema, sasa bila utani. "Kutuma tu ni dakika tano. Nipe, kwangu hiyo ni dakika tatu. Siimbi. Nimefunga mdomo."

Nilitaka kumpa. Mkono wangu ulishaanza kuinuka na karatasi. Nikaona kwamba wimbo unaotutukana nimeulinda kama yai, halafu huu wa kwetu ndio niutoe.

"Kaa hapo hapo," nilimwambia.

Nilichapa beti mbili na maana yake kwa mkato. Wa tatu, wenye jina la baba, haukuwahi. Mahali pake niliandika: ubeti wa mwisho utasikika uwanjani. Zilibaki dakika sita. Binti alituma, sote wawili tumekodolea macho kile kiduara kinachozunguka, mpaka kikaacha.

Wiki tatu baadaye afisa alipiga simu. Alitaka kujua ubeti wa mwisho umekwenda wapi, na yale maneno ya pembeni yana maana gani. Nilimweleza kila kitu, na habari ya steshenari pia. Nilisikia akiandika.

"Kwa hiyo kati ya watu wote, aliyesoma nyimbo zote mbili ni wewe peke yako?"

"Na nyie."

"Sisi hatujui Kisukuma, tumesoma tafsiri yako tu," alisema. "Maombi nitayapeleka kwenye kamati hivyo hivyo."

Jibu lilichukua mwezi mzima. Lilipokuja lilikuwa la ndiyo, pungufu ya tulichoomba, lakini gari na vipaza sauti vilipatikana.

Tulikutana baada ya pamba kuuzwa. Nilisimama katikati ya uwanja, na sikuhama hata hatua moja, kwa sababu mimi peke yangu, niliyezijua nyimbo zote mbili, sikuwa na haki ya kuhama. Mwenye bucha alipofika ubeti wa tatu, watu walicheka kwa pamoja, na kundi kubwa la upande wetu likaanza kuvuka kwenda kwake. Baba mdogo aliinua mkono, ngoma zetu zikanyamaza. Hakumtazama mpinzani. Alinitazama mimi, juu ya vichwa vya watu wote wale, na nikajua ameelewa kwamba nilikuwa nalijua neno hili tangu pamba ikiwa na maua. Sikuinamisha macho.

Kisha akaimba, si ubeti aliokuwa ameuandaa. Aliimba kwamba ndama amekubali yeye ni ndama, lakini mwulizeni mwenye bucha, fahali alipokuwa hai kisu chake alikificha wapi. Wachezaji waliyadaka maneno hayo pale pale. Waliokuwa wanavuka wakasimama njiani, wengine wakageuka. Ndipo akaingia kwenye ubeti wenye jina la baba.

Lalago walishinda, kwa watu wachache. Mwenye bucha alikuja kumshika mkono baba mdogo, wakatukanana kidogo, wakacheka.

Mimi nilikuwa nakunja mavazi nyuma ya gari. Baba mdogo alikuja akichechemea, akakaa kwenye ngoma iliyolazwa.

"Siku ile ya simu ulikuwa unatoka kwake."

"Ndiyo, baba."

"Mimi ningesema," alisema. "Ningekuwa wewe, ningesema."

Akavua vazi lake akanitupia mapajani. Kwapa lilikuwa limeachia, uzi unaning'inia.

"Rudia hapo, mayu. Weka mishono miwili, ishike. Mwakani mkono huu nitaunyoosha sana."