Nyoka wa Mchanga Mtupu

Wapendwa, mnaoniona nimesimama hapa kwa miguu miwili, mshukuruni Mungu pamoja nami kabla sijaanza, maana nikianza nitalia.

Mimi ni mtu wa Kitui. Nilikuja Doha kufanya kazi ya ulinzi, nikapangiwa geti la saiti moja Lusail, wakati mji ule ulikuwa bado ni mchanga na kreni tu. Kwetu, ukitaka kumwepuka nyoka, unafyeka nyasi na kufagia uwanja ubaki mweupe. Basi kila jioni nilifagia mbele ya kibanda changu, nikavua buti, nikaketi nje miguu ipate hewa. Nyasi hakuna, kichaka hakuna. Nyoka atatoka wapi?

Alitoka chini. Jamani, nyoka wa huku hujifukia mchangani hadi yabaki macho tu! Nilisikia sauti kama ya mafuta kikaangoni, kisha nikachomwa karibu na kifundo. Alikuwa mfupi, mnene, jamaa ya bafe.

Nilikuwa peke yangu. Nikapigia ambulensi. "Uko wapi hasa?" wakaniuliza. Ndugu zangu, sikujua! Barabara zilihamishwa kila mara na hazikuwa na majina. Nikajibu, "Lusail, kwa geti." Mageti yalikuwa mengi mno. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa, nikatapika, ufizi ukatoka damu. Mahali peupe vile, hakuna hata ukuta, nami nimefungiwa. Niliogopa sana.

Nikampigia Okello, Mganda niliyeishi naye chumba kimoja kule Industrial Area, dereva wa basi la kampuni.

"Usitembee, ssebo," akasema. "Geti lako nalijua. Hiyo ambulensi nitaileta mimi."

Akawapigia wakutane barabara kuu, akaingoja hapo, akaiongoza kwa basi tupu mpaka nilipokuwa.

Hospitalini daktari alichora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipoishia. Baadaye uvimbe ukauvuka. Mguu ukawa mweusi, una malengelenge yanayonuka.

"Tumekupa dawa ya sumu," alisema. "Ikishindwa, tutakata."

Nililala chali nikiutazama mstari ule, siwezi hata kugeuka. Okello alikuja akanisomea kwenye simu habari za nyoka wa Amerika wenye njuga mkiani, wanaopenda majangwa, miamba na mbuga za nyasi. "Hao angalau wanapiga hodi," akasema. Nilicheka, nikaumia.

Wakaniongezea dawa. Uvimbe ukasimama. Mke wangu akapiga simu ya video kutoka nyumbani.

"Wamekata?"

"Hawajakata."

"Wacha kunidanganya. Geuza simu nione. Sasa chezesha vidole."

Nilijaribu, wapi! Nikajaribu tena, kidole gumba kikainama kidogo. Akalia kwa sauti, kisha akasema, "Hizo kucha nazo, hakuna mtu wa kukukata?"

Ninyi mliofika juzi, msivue buti mchangani. Ukiumwa, usichanje, usifunge kamba, usimfukuze nyoka. Tulia, uite msaada. Na siku ya kwanza kazini, kabla hujauliza chai iko wapi, muulize dereva pale mlipo panaitwaje.

Okello, acha kujificha huko nyuma. Simama wakuone. Wapendwa, Mungu alijua niliko, na huyu pia alijua.